Ganzi Hukopesha Saa: Mafunzo Niliyopata kwa Wagonjwa wa Mgongo

Kazi yangu ni kulaza watu na kuwaamsha. Nilisomea usingizi Moshi, nikarudi Dar es Salaam, na tangu hapo sehemu kubwa ya maisha yangu imepita upande wa kichwa wa kitanda cha upasuaji, nikisikiliza milio ya mashine huku madaktari wakihangaika na mifupa. Walionifundisha zaidi habari za maumivu ni wagonjwa wa mgongo wa chini. Aliyevunjika mguu, mguu ukishafungwa na kuinuliwa, hupumua. Wa mgongo hana pa kupumulia. Kulala, kukaa, kukohoa, kwenda msalani, yote yanapitia palepale penye kidonda.

Zamani dawa yao ilikuwa nusu kaputi wakati wa upasuaji, kisha sindano ya pethidini kila walipolalamika, au diklofenaki pethidini ilipokwisha. Siku hizi tunaongeza ganzi ya misuli ya mgongo kabla daktari hajaanza kupasua. Nayaandika haya kwa ajili ya anayesubiri kupasuliwa na ndugu watakaokesha naye. Wenzangu wa kazi wavumilie pale ninapoeleza wanayoyajua.

1. Kinachouma baada ya upasuaji si kile kilichompeleka mtu hospitali

Mgonjwa wa diski huja akilalamikia mguu. Maumivu yanaanza kiunoni, yanashuka takoni, nyuma ya paja, hadi unyayoni. Akipiga chafya anashika ukuta. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha maelezo kwamba diski iliyochomoza na kubana mshipa wa fahamu ndiyo inayoleta mateso hayo, na kwamba kuitoa kunasaidia. Mara nyingi huwa ni diski iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiunoni, au ile ya chini yake.

Upasuaji ukienda vizuri, wengi huamka na kusema mguu umetulia. Halafu, baada ya kimya kidogo, linakuja swali: "Mbona sasa ni mgongo wenyewe?" Jibu lake ni hili. Ili aifikie diski, daktari amechana ngozi, amebandua misuli kutoka kwenye mfupa, kisha ameishikilia kwa vyuma saa nzima au zaidi. Kama ameunga pingili kwa skrubu, ni saa kadhaa. Misuli hiyo ina mishipa yake ya fahamu. Kila mshipa unaotoka kwenye uti wa mgongo hugawanyika mara mbili: tawi la mbele huenda tumboni na miguuni, na tawi la nyuma huhudumia misuli ya mgongo, viungo vidogo vya pingili na ngozi ya hapo. Maumivu ya kidonda husafiri kwa tawi la nyuma. Nguvu ya kusimama na kutembea inapita kwa tawi la mbele. Mgawanyo huu ndio unaotuwezesha kutia ganzi mgongo na kuiacha miguu na nguvu zake.

2. Hofu ya kupooza izungumzwe jioni ya kuamkia upasuaji

Nilimkuta mama mmoja, mchuuzi wa samaki, ameketi ukingoni mwa kitanda na kanga mabegani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Sista, mimi hiyo sindano ya mgongo sitaki. Mdogo wangu alichomwa siku ya kujifungua, mpaka leo kiuno kinamuuma."

"Pole, mama. Yule alichomwa ipi, unajua?"

"Ya mgongo. Zote si za mgongo?"

Nikamwomba ruhusa, nikaweka kidole katikati ya mgongo wake, pale penye mfululizo wa vinundu vya mfupa. "Ya mdogo wako iliingia hapa katikati, ikafika kwenye maji yanayozunguka mishipa. Ya kwako wewe itapita hapa." Nikasogeza kidole pembeni, juu ya msuli. "Itaishia kwenye nyama na mfupa wa pembeni. Na utakuwa umeshalala."

Alinyamaza, kisha akauliza kama miguu itakufa. Nikamwambia hatutaki ife, na kwamba akiamka tu nitamwomba aichezeshe. Hapo ndipo alipolegeza mabega.

Sindano ile ya katikati nayo inasingiziwa mengi. August Bier aliyeianzisha mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, alijaribiwa yeye mwenyewe na msaidizi wake, na baadaye kichwa kikamuuma vibaya kila alipoinuka, kwa sababu maji ya uti yalivuja kupitia tundu la sindano nene ya wakati ule. Sindano za leo ni nyembamba mno na tatizo hilo limepungua sana, ingawa halijaisha. Kuhusu kiuno kinachouma miaka baada ya kujifungua, wanawake wengi kinawauma, waliochomwa na wasiochomwa. Mimba yenyewe inatosha kuuchosha mgongo.

Maelezo haya nayatoa jioni. Asubuhi mgonjwa akiwa ameshavalishwa gauni na kitanda kinasukumwa, hasikii kitu.

3. Vidole vya miguu vina haki ya kuonekana

Daktari wa upasuaji wa mgongo ana jambo moja analolitaka kabla hajavua glavu zake moyoni: mgonjwa aamke na achezeshe vidole vya miguu. Akiweza, mishipa ni salama. Asipoweza, huenda damu inakusanyika ndani na kubana mishipa, na hapo ni kurudi mezani haraka, maana kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa nguvu kurudi.

Kwa sababu hiyo madaktari wengi hawapendi ganzi inayolegeza miguu baada ya kazi yao. Mrija mwembamba unaowekwa nje ya utando wa uti na kudondosha dawa polepole ni njia nzuri ya kutuliza maumivu ya upasuaji mkubwa, wa pingili nyingi, na kuna hospitali zinautumia kwa ustadi. Lakini dawa ikiwa kali, mgonjwa anaamka na miguu mizito na hakuna anayejua kama ni dawa au ni damu. Ganzi ya misuli haina utata huo. Kwa kawaida mgonjwa anakunja goti, anasukuma mkono wangu kwa unyayo, na daktari anakwenda kunywa chai.

Ukipewa ganzi ya misuli na mguu ukaanza kulegea, ukashindwa kukojoa, au ukafa ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, usikubali kuambiwa "ni ganzi tu, itaisha." Daktari aitwe.

4. Hesabu kwanza, sindano baadaye

Mgonjwa akishalala tunamgeuza kifudifudi, tunahakikisha macho na kifua havikandamizwi, kisha nasafisha ngozi na kuvika kichwa cha mashine ya ultrasaundi plastiki safi. Nakiweka kwa urefu, kama sentimita 4 kutoka katikati ya mgongo. Kwenye kioo yanatokea machomozo ya mfupa ya pembeni ya pingili, meupe, kila moja na kivuli cheusi chini yake. Juu yake umelala msuli mnene unaosimamisha mgongo. Sindano inateremka kwa mshazari ndani ya msuli huo hadi inagusa mfupa, nayo naiona yote, tangu inapoingia hadi ncha yake.

Hapo sichomi dawa. Nasukuma kwanza maji ya chumvi kidogo. Nikiona msuli unanyanyuka kutoka kwenye mfupa na weusi mwembamba wa maji unatambaa kuelekea juu na chini, nipo mahali pake. Msuli ukivimba wenyewe kwa ndani, bado, narekebisha ncha. Kisha ndiyo dawa, mililita chache chache, nikivuta bomba nyuma kila mara kuona kama damu inaingia. Nikimaliza upande mmoja, nahamia wa pili. Njia hii ilielezwa mwaka 2016 na Mauricio Forero na wenzake nchini Kanada, kwanza kwa maumivu ya kifua, ndipo watu wakaishusha hadi kiunoni. Mwaka mmoja kabla yake, William Hand na wenzake wa Marekani walikuwa wameeleza njia nyingine inayopitisha dawa kati ya msuli na msuli wa mgongo. Zote mbili zinalitafuta lile tawi la nyuma.

Ustadi wa mkono unapendeza kuutazama, lakini kazi yenyewe ni hesabu, nayo inafanyika kwa kalamu kabla ya bomba kujazwa. Kipimo ninachokifuata kwa bupivakaini ni miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 basi asizidishe 120. Dawa ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika kila mililita. Nikitia mililita 20 kila upande, jumla ni miligramu 100, na nabaki na nafasi kidogo. Yule mama mchuuzi alikuwa na kilo 45. Kwake mwisho ni 90, na zile mililita 40 zingevuka mpaka. Naizimua: mililita 16 za dawa ya asilimia 0.5, nyingine 24 za maji ya chumvi, napata miligramu 80 katika ujazo uleule. Ujazo una umuhimu wake, kwa sababu dawa hii inafanya kazi kwa kutambaa.

Kuna wodi niliyowahi kufanyia kazi ambapo mizani ilikuwa imekufa muda mrefu, na kilo ziliandikwa kwa kumtazama mtu. Mtu mwembamba mwenye nguo nyingi alipata kilo za bure. Siku hizi natembea na mizani ya bafuni kwenye mkoba, na wenzangu wameshaacha kucheka. Lipo na jingine: daktari wa upasuaji huwa na bomba lake la lignokaini na adrenalini la kupunguza damu kwenye ngozi. Ile nayo ni ganzi, inaingia kwenye hesabu ileile. Namuuliza kwa sauti, mbele ya kila mtu, amechoma kiasi gani.

Sababu ya ukali huu ni kwamba dawa hizi zikizidi kwenye damu zinageuka sumu. Aliye macho ataonja ladha ya chuma mdomoni, midomo itamsisimka, masikio yatavuma, kisha aanze degedege, na moyo uvurugike. Aliye kwenye nusu kaputi hawezi kukuambia ladha ya kitu chochote. Utaona moyo tu ukibadilika kwenye kioo. Dawa yake ni mafuta meupe ya asilimia 20, yaleyale yanayotumika kulisha wagonjwa kwa mshipa. Guy Weinberg na wenzake waliyajaribu kwa panya wakachapisha mwaka 1998, na mwaka 2006 ikatoka ripoti ya mgonjwa wa kwanza aliyeokolewa nayo, huko New York. Huanza kutolewa mililita 1.5 kwa kilo. Nikiingia zamu, kabla ya kusalimia vizuri, nafungua kabati kuona kama chupa ipo na haijapitwa na tarehe. Isipokuwepo, sichomi.

5. Ganzi hukopesha saa, na deni hudai usiku

Fundi mmoja wa gereji alifanyiwa upasuaji asubuhi. Kufika mchana amekaa, anapiga simu gereji kuwaelekeza vijana jinsi ya kushusha injini. Mkewe akashangilia. Jioni muuguzi akampelekea vidonge, fundi akavirudisha: "Sista, hivi vya nini? Mimi siumwi." Vidonge vikarudi kwenye sinia, na faili likaandikwa kwamba mgonjwa hana maumivu. Lilikuwa kweli kwa saa ile.

Saa nane usiku aliamka akipiga kelele. Ganzi ilikuwa imeondoka, na kidonda kilikuwa katika kilele cha kuvimba. Mkewe alikimbia koridoni akitafuta mtu. Muuguzi alikuwa mmoja na wodi imejaa. Dawa kali ya maumivu ilikuwa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa msimamizi wa jengo la pili. Mpaka dawa ilipoingia mwilini na kufanya kazi palikuwa panakaribia kucha, na tangu hapo mtu yule alikataa kugeuka, kukaa wala kusimama hadi kesho yake jioni. Asubuhi nilipompitia aliniambia, "Dokta, bora msingenipa hiyo ganzi. Ningekuwa nimeshazoea."

Maneno yale yalinikaa, kwa kuwa alikuwa na hoja. Ganzi ilimkopesha saa nzuri, na hakuna aliyemwambia siku ya kulipa. Tangu hapo nimebadili namna ninavyopima kazi yangu. Zamani nikitoka chumba cha uangalizi na mgonjwa anatabasamu, niliona nimemaliza. Sasa najua tabasamu la mchana ni la dawa, na usiku ndio wangu.

Bupivakaini kwenye misuli ya mgongo, kwa wagonjwa wangu, mara nyingi hukaa saa 8 hadi 12. Wengine hupitiliza, wengine hawafiki. Basi dawa za mdomo zinaanza ganzi ingali inafanya kazi: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, kwa saa, siyo kwa malalamiko. Diklofenaki au mwenzake inaongezwa kama figo na tumbo vinaruhusu. Kwa aliyeungwa pingili namwuliza daktari kwanza, kwa sababu baadhi yao wanahofia dawa hizo zikitumika muda mrefu zitachelewesha mfupa kushikana. Dawa kali inaandikwa mapema, kiasi na saa, na inashushwa wodini kabla ya zamu ya usiku kuanza.

Na juu ya plasta ya kidonda naandika kwa kalamu ya wino mzito: ganzi, saa tatu asubuhi. Faili linaweza kuwa mezani kwa daktari au kwenye droo. Plasta haiendi popote.

6. "Inauma?" ni swali lisilo na jibu

Ukimwuliza mzee wa watu kama anaumwa, atakuambia "kidogo tu," na jasho linamtiririka shingoni. Amelelewa hivyo. Tangu jandoni ameambiwa mwanamume hajikunyati. Ukimwuliza binti mbele ya mama mkwe, atasema hajambo. Tulipofundishwa kuuliza kwa namba, kutoka 0 hadi 10, nilipata majibu ya ajabu. Mmoja alinipa 7 kwa sababu ndiyo namba anayoipenda. Mwingine aliniuliza kama 10 ndiyo nzuri.

Sasa siulizi maumivu, naomba tendo. "Babu, hebu vuta pumzi ndefu, ukohoe." "Hebu tugeuke, mabega na nyonga kwa pamoja, usijipinde." Akikohoa kwa nusu na kushika shuka, nimeshajua. Akigeuka huku anaongea, nimeshajua pia. Aliyetulia kitandani bila kusogea hata kidogo ndiye wa kumtilia shaka kuliko anayenung'unika, kwa sababu anaogopa kusogea, na asiyesogea huganda damu miguuni na kujaza makohozi kifuani.

Saa hizi za ganzi ndizo za kumkalisha mtu, kumsimamisha, kumtembeza hadi mlangoni kama daktari ameruhusu. Namwita mtaalamu wa fiziotherapia mapema, mchana uleule. Zikipita mgonjwa amelala anatazama dari, ganzi ilikuwa starehe ya bure.

7. Kuna waliokuja na deni la zamani

Mtu aliyemeza tramadoli na diklofenaki miaka mitatu kabla ya kupasuliwa hawezi kutulizwa kwa kiasi cha mtu wa kawaida. Mishipa yake imezoea kupiga kelele, na mwili umezoea dawa. Kwa hao ganzi ya misuli peke yake haitoshi, na daktari wa usingizi huongeza ketamini kidogo wakati wa upasuaji. Lakini lazima tujue. Wengi huficha, wakidhani watalaumiwa, au hawahesabu kuwa ni dawa kile walichonunua duka la dawa la mtaani bila cheti. Namwuliza mke wa mgonjwa.

8. Mofini haina kosa

Tumewatisha watu kwa mofini mpaka wauguzi wenyewe wanaiogopa. Jirani zetu Uganda wametufundisha kitu: tangu 1993, Dakta Anne Merriman alipoanzisha huduma ya tiba shufaa kule Kampala, mofini ya maji imekuwa ikichanganywa humohumo nchini na kupewa wagonjwa nyumbani kwao. Kama mgonjwa wa saratani anaweza kuinywa kijijini, fundi wa gereji anaweza kuipata wodini kwa usiku mmoja au miwili.

Ganzi ya misuli inapunguza kiasi cha mofini kinachohitajika siku ya kwanza, na hilo peke yake ni faida: kichefuchefu kinapungua, usingizi mzito unapungua, tumbo linafunguka mapema. Haiifuti. Anayeahidi mgonjwa kwamba kwa ganzi hatahitaji kitu kingine anamdanganya.

Kuna pia njia ya kuweka mofini kidogo sana, chini ya nusu miligramu, kwenye maji ya uti wakati wa upasuaji. Inatuliza kwa muda mrefu, karibu siku nzima. Mimi siipendi kwa wodi zetu nyingi. Inaweza kupunguza kupumua saa nyingi baadaye, usiku, na inataka mtu wa kuhesabu pumzi za mgonjwa kila saa. Inawasha mwili na kuzuia mkojo pia. Penye muuguzi wa kutosha na mashine za kupima hewa kwenye damu, sawa. Penye muuguzi mmoja na wodi iliyojaa, hapana.

9. Bila ultrasaundi bado kuna la kufanya

Mashine ikiharibika, au isipokuwepo kabisa, daktari wa upasuaji ana msuli wazi mbele ya macho yake. Kabla ya kushona anaweza kuutia bupivakaini mwenyewe, pande zote mbili, pamoja na ngozi. Inachukua dakika chache, chupa ni ya bei nafuu, na hesabu ni ileile. Wapo pia wanaofikisha dawa kwenye uso wa mfupa wa pembeni kwa kuutazama tu, bila mashine.

Na nitasema ninavyoona: tofauti kati ya kazi yangu ya kioo na kazi yake ya macho si kubwa kama tunavyojisifia kwenye semina. Tafiti zilizokusanywa hadi sasa zinaonyesha ganzi ya misuli ya mgongo inapunguza dawa kali na maumivu katika saa 24 za mwanzo ukilinganisha na kutotia kabisa. Kwamba mgonjwa atakuwa na mgongo mzuri zaidi baada ya mwaka kwa sababu ya ganzi ile, hilo halijathibitika. Hospitali ya wilaya isisubiri mashine ya mamilioni ndipo ianze kutuliza watu.

10. Ndugu wanapenda kukanda

Upendo wa ndugu una mikono. Mgonjwa akirudi wodini, shangazi anachemsha maji, anakunja kitambaa, anaweka kiunoni. Au chupa ya maji ya moto inawekwa chini ya mgongo. Ngozi ya hapo ina ganzi, haisemi moto umezidi, na kidonda hakitakiwi kulowa. Nimeona malengelenge ya kuungua pembeni mwa kidonda safi kilichoshonwa vizuri. Shangazi hana kosa, hakuna aliyemweleza. Siku hizi ndugu nawaita kabla mgonjwa hajatoka chumba cha uangalizi, namwamkia mkubwa wao, kisha nawaambia: kukanda marufuku, mafuta ya kuchua marufuku, dawa za miti shamba mezeni nyie. Wanacheka, wanakumbuka.

11. Maswali matatu yaandikwe kabla ya siku ya upasuaji

Mgonjwa ana mambo ya kutuambia: kilo zake halisi, dawa anazomeza, hasa za kuyeyusha damu kama waferini na klopidogreli, mizio, na kama aliwahi kupata shida na ganzi hata kwa daktari wa meno. Na ana ya kuuliza. Nitapewa ganzi gani, na miguu itabaki na nguvu? Inatarajiwa kuisha saa ngapi, na dawa inayofuata nitapewa saa ngapi kabla ya hapo? Usiku nikizidiwa, ndugu yangu amwite nani, kwa namba ipi?

Majibu yaandikwe ndani ya jalada la faili, ukurasa wa kwanza. Yakiandikwa kwenye kikaratasi cha mkononi, hubaki kwenye mfuko wa suruali, na suruali hurudishwa nyumbani na ndugu pindi mgonjwa anapovalishwa gauni la upasuaji.